Somo na Nasaba: Mgongano wa Majina ya Watu katika Marejeo ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Watu wawili wenye jina moja, kwa desturi ya pwani, huitana somo. Neno hilohilo hutumika kwa msiri wa mtu, na pia kwa mwanamke anayemfunda mwari. Bara watu husema wajina, na hata huko anayekutana na wajina wake hamchukulii kuwa mgeni kabisa.

Msomaji wa fasihi na isimu ya Kiswahili hukutana na masomo wa namna hii kila siku, mara nyingi bila kujua. Anapofungua orodha ya marejeo na kuona "Mazrui, A.", "Nassir, A." au "Mohamed, S.", huweza kudhani kwamba amekutana na mtu mmoja pale walipo watatu, au watu wawili pale alipo mmoja. Makala haya yanachunguza chanzo cha mkanganyiko huo. Hoja yake ni kwamba mgongano wa majina ya Waswahili ni zao la utaratibu wa kurithishana majina, na utaratibu huo una njia zake wenyewe za kumpambanua mtu na somo yake. Matatizo huanza pale mnyororo wa nasaba unaposomwa kana kwamba ni jina la mtu likifuatwa na jina la ukoo.

2.0 Jina Linalorudi

Muundo wa asili wa jina la Mswahili wa pwani unafahamika. Mtu hupewa jina lake, hufuata la baba, kisha la babu, na mwenye kuhifadhi nasaba yake huweza kupanda mbali zaidi ya hapo. Baina ya jina na jina husimama bin au binti, na kiungo hicho kidogo ndicho kinachobeba maana ya mpangilio wote. Mwishoni huweza kuja nisba ya kabila au mji, kama vile al-Mazrui, al-Busaidi au al-Barwani. Mwanamke haachi jina la baba yake anapoolewa. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mashuhuri mwaka 1858, aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu. Hata hivyo historia inamjua kwa jina la Msham.

Kinachozalisha masomo ni desturi ya kumpa mtoto jina la babu au bibi yake. Jina hupumzika kizazi kimoja, kisha hurudi. Mfano ulio dhahiri kuliko yote ni wa viongozi wawili wa Zanzibar. Abeid Amani Karume alikuwa Rais wa Zanzibar tangu 1964 hadi alipouawa tarehe 7 Aprili 1972. Amani Abeid Karume alishika wadhifa huohuo tangu 2000 hadi 2010. Mgeni asiyejua desturi huona majina mawili yaliyochanganywa na mpiga chapa. Mwenyeji husoma moja kwa moja: Abeid bin Amani amemzaa Amani bin Abeid, na babu amerudi nyumbani.

Wapo pia watu ambao majina yao yanafunga mduara mzima. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 1984 hadi 1985 na Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001, ana Salim mbele na Salim nyuma. Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa riwaya za Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976), ni vivyo hivyo. Kwa msomaji wa pwani, jina la namna hii ni kitambulisho kamili: mjukuu, baba, babu.

Haifai, hata hivyo, kudai kwamba mnyororo huu umebaki kama ulivyokuwa. Karne ya 20 ilileta cheti, pasi na daftari la shule, na nyaraka hizo hutaka jina la mwisho lisilobadilika. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Tanzania tangu 1985 hadi 1995. Mwanawe, Rais wa Zanzibar tangu 2020, angeitwa Hussein Ali Hassan kwa mnyororo wa zamani. Anaitwa Hussein Ali Mwinyi. Hassan ameachwa, na Mwinyi amegeuka jina la familia. Karume nalo limesimama hivyohivyo. Hapa panafaa tanbihi ndogo, kwamba jina la Karume lipo pia Kiambu, kwa mfanyabiashara na mwanasiasa Njenga Karume (1929–2012), lakini hilo ni jina la Kikuyu lisilo na uhusiano wa nasaba na lile la Unguja. Jambo la kuvutia ni kwamba Wakikuyu nao huwapa watoto majina ya babu na bibi zao.

3.0 Mazrui, A.

Hakuna mahali ambapo mambo haya yamewasumbua wanafunzi wa Kiswahili kama katika jina la Mazrui. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947) alikuwa mwanachuoni wa Mombasa, mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake. Mwanawe, Ali Al'amin Mazrui (1933–2014), alikuwa mtaalamu wa sayansi ya siasa aliyefundisha Makerere na kisha Marekani, na dunia ilimjua zaidi kwa mfululizo wake wa televisheni wa mwaka 1986 kuhusu urithi wa aina tatu wa Waafrika. Al-Amin bin Ali alimzaa Ali bin Al-Amin: ni mgeuko uleule wa akina Karume. Kisha, katika ukoo huohuo na kizazi kilichofuata, yupo Alamin M. Mazrui, mwanaisimu, mtunzi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981) na diwani ya Chembe cha Moyo (1988), aliyewekwa kizuizini na serikali ya Kenya mwaka 1982.

Watu hao watatu ni kadhi, mwanasiasa wa kitaaluma na mwanaisimu mshairi. Wote watatu wakifupishwa kwa herufi za mwanzo huwa "Mazrui, A." Ugumu unazidi kwa sababu wawili wa mwisho wameandika pamoja. Kitabu chao cha mwaka 1995 kuhusu Kiswahili, dola na jamii, na kile cha mwaka 1998 kuhusu lugha na utawala katika tajiriba ya Waafrika, hutajwa katika tasnifu nyingi kama "Mazrui na Mazrui". Hapo angalau msomaji hujua kwamba wapo wawili. Lakini mtahiniwa anapoandika "Mazrui anaeleza kwamba" bila herufi yoyote, kisha akamhusisha huyo mwelezaji na maumivu ya kizuizini, msomaji hana njia ya kujua kama ni kosa la uandishi au la maarifa. Herufi ya pili ndiyo inayookoa: A. A. ni Ali, A. M. ni Alamin. Kuiacha ni kuwaunganisha watu ambao misimamo yao ya kisiasa haikuwa mmoja.

Nisba, kwa kweli, haikukusudiwa kufanya kazi hii. Al-Mazrui hueleza kabila lililotawala Mombasa hadi mwaka 1837, na wenye nisba hiyo ni wengi mno. Mwenyeji huanza na jina la mtu, akaongeza la baba, na nisba huitaja mwisho ikiwa ipo haja. Orodha ya marejeo hufanya kinyume: huanza na kilicho cha wote na kukata kilicho cha mtu.

4.0 Waandishi wa Zanzibar

Riwaya ya Zanzibar ina waandishi watatu ambao majina yao yamefumwa kwa uzi mmoja. Wa kwanza ni Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mwandishi wa habari aliyehariri jarida la Mkulima na muumbaji wa mpelelezi Bwana Msa, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilitoka mwaka 1960. Wa pili ni Mohamed Suleiman Mohamed, aliyekwisha kutajwa. Wa tatu ni Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1947, mtunzi wa Utengano (1980), Dunia Mti Mkavu (1980), Babu Alipofufuka (2001) na vitabu vingine vingi. Akiongezwa Mohamed Said, mwanahistoria wa Dar es Salaam ambaye kitabu chake kuhusu maisha ya Abdulwahid Sykes kilichapishwa mwaka 1998, huwa wapo Muhammed Said mmoja wa upelelezi na Mohamed Said mwingine wa historia ya TANU. Tofauti ya tahajia haisaidii. Muhammed, Mohamed na Mohammed ni jina moja, na mtu mmoja huweza kuandikwa kwa namna zote tatu katika majalada matatu.

Kisa cha Said Ahmed Mohamed ni cha upande wa pili wa tatizo. Jina lake kamili ni Said Ahmed Mohamed Khamis. Kazi za kubuni huzitoa kwa jina la Said Ahmed Mohamed. Nyingi za makala zake za uhakiki, alizoziandika akiwa profesa huko Bayreuth, Ujerumani, zimetoka kwa jina la Said A. M. Khamis. Mnyororo ni mmoja, isipokuwa katika jina la pili umeongezwa pingu moja. Mkutubi anayefuata jina la mwisho humweka mtunzi kwenye herufi M na mhakiki kwenye herufi K. Matokeo yake si ya kuchekesha kama yanavyoonekana, kwa kuwa mtafiti huweza kumnukuu Khamis kama shahidi wa nje kuhusu mwelekeo wa riwaya mpya ya Kiswahili, asijue kwamba shahidi huyo ni mmoja wa waliouanzisha mwelekeo huo. Ushahidi haupungui thamani kwa sababu hiyo, ila hubadilika aina.

Hata Shaaban Robert (1909–1962) hakuepuka. Katika machapisho ya awali aliandikwa Shaaban bin Robert, yaani Shaaban mwana wa Robert. Leo kila orodha humweka chini ya "Robert, S.", na jina la baba limemmeza mwana.

5.0 Nassir na Bhalo

Mombasa ina "Nassir, A." watatu. Sheikh Abdilahi Nassir (1932–2022) alikuwa mwanachuoni wa dini. Nduguye, Ustadh Ahmad Nassir (1936–2019), alikuwa mshairi. Abdulswamad Shariff Nassir ni mwanasiasa, Gavana wa Mombasa tangu 2022, na Nassir yake ni ya baba yake, Shariff Nassir, aliyekuwa kigogo wa KANU. Hana nasaba na wale wawili kwa jina hilo. Kinyume chake, Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki (1973), ni ndugu yao hasa, na jina lake halionyeshi lolote kwa kuwa baba zao ni tofauti. Mnyororo wa nasaba hukumbuka upande wa kuumeni tu, na mtafiti wa historia ya ushairi wa Mvita anayefuata majina peke yake hataiona nyumba iliyowalea watu hao.

Jina la Ustadh Ahmad kwa ukamilifu ni Ahmad Nassir Juma Bhalo. Diwani yake, iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kuchapishwa mwaka 1971, inaitwa Malenga wa Mvita: Diwani ya Ustadh Bhalo. Lakini mtu akitaja Bhalo katika mitaa ya Mombasa, wengi humkumbuka mwimbaji wa taarabu, Juma Bhalo (1942–2014), ambaye jina lake hasa ni Mohamed Khamis Juma Bhalo. Mmoja ni Ahmad bin Nassir, mwingine ni Mohamed bin Khamis. Juma Bhalo ni babu. Hakuna kati yao aliyepewa jina la Juma, na bado jukwaani jina la babu ndilo lililobaki kuwa jina la mjukuu.

Wenyeji hawakupata taabu. Mshairi waliita Ustadh, na mwimbaji waliita Juma Bhalo au Profesa. Lakabu imefanya kazi ambayo jina halikuweza kuifanya, kama ilivyofanya Unguja kwa Fatuma binti Baraka: akina Fatuma binti Baraka huweza kuwa wengi, Bi Kidude alikuwa mmoja. Tabu iko kwa mtafiti, nayo si ndogo, kwa sababu nyingi za nyimbo za Juma Bhalo zilitungwa na Ustadh Ahmad Nassir. Mashairi yalitoka kwa mjukuu mmoja na sauti kwa mwingine. Anayenukuu ubeti kutoka kwenye kanda na kuuandikia "Bhalo, J." amempokonya mshairi haki yake, na hata mwimbaji hakumtaja kwa jina lake. Anayeandika "Bhalo, A. N." kwa diwani na "Bhalo" tupu kwa nyimbo amewafanya watu wawili wasomeke kama mmoja.

Njia ya kutoka ipo na imekwisha kutumika kwingine. Waandishi wa Ethiopia, ambao jina lao la pili ni la baba, huorodheshwa kwa jina la kwanza. Nchini Iceland hata kitabu cha simu kilipangwa hivyo, kwa sababu hiyohiyo. Kuipindua alfabeti ya maktaba zote za Afrika Mashariki ni kazi nzito, na waandishi kama akina Mazrui wamekwisha kuzoeleka kwa nisba yao. Lakini kuacha kufupisha majina kwa herufi za mwanzo ni jambo ambalo mhariri yeyote wa jarida aweza kuliamua. Lifuate la pili, la kutenganisha mtunzi na mwimbaji kila wimbo unaponukuliwa. Wimbo wa Mombasa ungeandikwa hivi: maneno ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, sauti ya Mohamed Khamis Juma Bhalo (Juma Bhalo). Ni mstari mrefu kidogo kwa orodha ya marejeo.