Foto yangu uliipeleka wapi?

Leo nataka tuzungumze kuhusu foto. Si zile za siku ya kuvaa toga, hapana. Nasema foto za watu wa kijiji: zenye wageni walipiga zamani, na zenye sisi wenyewe tunapiga leo bila kufikiri.

Naanza na kosa langu. Wakati nilikuwa natayarisha kazi yangu ya lisansi katika agronomia, nilipanda kwetu Rurambo kuangalia ugonjwa wa mildiu kwenye viazi. Nikapiga foto ya mama mmoja mzee, ameshika viazi vyenye kuoza mikononi. Foto ilitoka vizuri. Nikaiweka ndani ya kazi, na chini yake nikaandika: «Mkulima wa Rurambo». Mwaka uliofuata tukakutana njiani. Akanisalimia vizuri, kisha akauliza: «Mtoto wangu, ile foto yangu uliipeleka wapi?»

Sikuwa na jibu. Na nilipofika nyumbani niliona haya zaidi. Ndani ya ile kazi niliandika aina ya kiazi, nikaandika hata jina la ugonjwa kwa Kilatini. Jina la mama sikuliuliza.

Kumbe kosa hili liko na historia ndefu.

Aprili 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mtumbwi wakitafuta mto Rusizi. Kitabu chenye Burton alitoa 1860 kilionyesha watu wa huku kwa michoro tu. Foto ilikuwa imekwisha julikana Ulaya tangu 1839, lakini kuitembeza porini ilikuwa mateso. Fundi alipaka dawa kwenye kioo, akapiga foto kioo kingali kibichi, na kukisafisha palepale ndani ya hema lenye giza. Vioo, chupa za dawa, miguu ya aparei, vyote vilibebwa na wapagazi. James Grant alipiga foto Zanzibar mwaka wa 1860, lakini safari ilipoingia bara aliachana na aparei, akashika kalamu ya kuchora.

Mambo yalibadilika wakati vioo vikavu vilipatikana, vyenye kutayarishwa kiwandani, halafu filamu ya Kodak tangu 1888. Hapo kila msafara ukaanza kubeba aparei.

Sasa angalieni nani alikuwa ndani ya misafara hiyo. Mwaka wa 1907 Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, Mjerumani, alikuja Rwanda na kundi la wataalamu: wa mimea, wa wanyama, wa mawe, na Jan Czekanowski, mwenye kazi yake ilikuwa kupima miili ya watu. Sisi watu wa agronomia tunaelewa haraka mawazo yao. Ukikuta mmea mpya, unauchuna, unaukausha, unaandika kikaratasi: aina gani, umetoka wapi. Mmea mmoja unasimama kwa niaba ya yote. Wao walifanya vile na watu. Ndiyo maana utaona foto nyingi za wakati ule mtu amepigwa uso mbele, kisha upande, na chini wameandika «aina» ya kabila fulani. Mtu mwenyewe amepotea.

Msafara ule uliacha foto moja yenye ilizunguka dunia. Ilipigwa Nyanza, kwa mwami Musinga: kijana anaruka juu ya kamba, na chini ya kamba Duke na mwenzake wamesimama. Ukiiona unasema eti huyu si mtu wa kawaida! Lakini Duke mwenyewe aliandika ndani ya kitabu chake kwamba warukaji walikanyaga kwanza kichuguu kidogo. Foto ilisafiri, maelezo yakabaki kitabuni. Wengi huko Ulaya wakaiona kama ushahidi kwamba kuna kabila lenye liliumbwa tofauti na wengine. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda. Sisemi foto moja ndiyo ilileta yote. Lakini sisi watu wa Uvira, wa bonde na wa milima, tunajua bei ya kumwangalia mtu pua na urefu kabla ya kumuuliza jina.

Mfano wa pili uko kaskazini mwa nchi yetu. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walitumwa na jumba la makumbusho ya viumbe la New York kutafuta wanyama, okapi zaidi. Lang alirudi na foto zaidi ya 9 000, nyingi za Wamangbetu na majirani wao. Ni kazi kubwa, na leo inasaidia kujua nyumba, ngoma na ufundi wa wakati ule. Ila jiulize: kwa nini foto za babu zetu zinakaa katika jumba la okapi?

Sasa tusiseme kila foto ya mgeni ilikuwa mbaya. Mei 1904, kule Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alipiga foto ya baba mmoja ameketi, anaangalia mkono na mguu wa mtoto wake mdogo, vyenye walinzi wa kampuni ya mpira walikata. Foto ile ilionyeshwa kwenye mikutano Uingereza na Marekani, ikasaidia kusukuma hadi Leopold II akanyang'anywa Kongo mwaka wa 1908. Na tunajua majina: baba ni Nsala, mtoto ni Boali. Aparei ilikuwa ileile ya wakati ule. Tofauti ni kwamba huyu mama aliuliza mtu yaliyompata, na akaandika.

Sasa sisi. Tunashuka kijijini na simu, kwa ajili ya kazi ya chuo au ripoti ya shirika. Tunapiga mama na jembe, mtoto na sahani, mkimbizi na hema. Naomba tujaribu haya manne: uliza kwanza, andika jina, kama mwenyewe anakubali na halimletei hatari, sema wazi foto inaenda wapi, na mrudishie yake kwenye karatasi.

Mimi nilipanda tena Rurambo na foto iliyochapishwa. Mama aliiangalia muda mrefu, akacheka: «Ungeniambia, ningevaa kitenge kizuri.» Ndipo akaniambia jina lake. Kwenye nakala yangu nimelisahihisha kwa kalamu. Ile ya maktaba ya chuo bado inasema «Mkulima wa Rurambo».

Na wewe, ndani ya kazi yako kuna foto ngapi bila jina?