Analojia si Ukale: Istilahi za Ukokotoaji kwa Mawimbi

Tangu televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, na Arusha mwaka uliofuata, neno analojia limepata maana ya kitu kilichopitwa na wakati. Maana hiyo ni hatari kwa mfasiri. Ofisa akisoma katika hati ya zabuni kwamba mtambo fulani wa mawasiliano ni wa analojia, aweza kuukataa kwa kudhani ni wa kale, kumbe ni mpya kabisa.

Tuitazame dhana yenyewe. Katika miteremko ya Mlima Meru wakulima hugawana maji kwa mifereji. Mifereji miwili ikikutana, maji hujijumlisha yenyewe. Mlango ukifunguliwa nusu, hupita sehemu tu. Hakuna anayehesabu madebe: kiasi cha maji ndicho hesabu. Huo ndio ukokotoaji wa analojia. Kuhesabu debe moja moja ni njia ya tarakimu. Kwa hiyo neno tarakilishi halifai hapa.

Mawimbi ya redio nayo hukokotoa. Hutengenezwa bamba lenye vipande vingi, kila kimoja kifupi kuliko urefu wa wimbi. Umeme wa kipande ukibadilishwa, wimbi linaloakisiwa hapo hucheleweshwa au hupunguzwa. Yakikutana kwenye kipokezi, mawimbi hujumlika au, tofauti na maji, hufutana. Hivyo hesabu hufanyika kabla ishara haijageuzwa kuwa tarakimu, na muda na umeme huokolewa, ingawa usahihi hupungua. Bamba hilohilo laweza kuelekeza mawimbi nyuma ya jengo linaloyazuia. Mwaka 2014 Nader Engheta na wenzake walionyesha kinadharia kuwa mata iliyoundwa kwa namna hii yaweza kukokotoa.

Tunapendekeza istilahi hizi:

(a) Ukokotoaji mfanano: hesabu ifanywayo na kitu kinachofanana na namba kwa kiasi chake. Neno hili halina dokezo la ukale.

(b) Uso unde: uso ulioundwa ili kutawala mawimbi. Tusiseme «uso meta», kwani meta kwetu ni kipimo cha urefu.

(c) Uso unde pangifu: ule ambao mpangilio wake hubadilishwa kwa programu.

(d) Mtandao pasiwaya: mtandao usiotumia waya.

Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaombwa kuyajaribu maneno haya kazini na kutuletea maoni yao kabla hayajasanifiwa.