Kutafsiri Namba za Mitandao Pepe

Swichi ya Itheneti huweza kuugawa mtandao mmoja kuwa mitandao pepe kadhaa, kila mmoja ukitambulishwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 4094. Tuchukulie chuo chenye matawi mawili: Butembo, wanafunzi wamepewa 10, Beni, wamepewa 20, na 10 ni ya wahasibu. Matawi yakiunganishwa hivyo hivyo, wanafunzi wa Butembo watajikuta kwenye mtandao wa mishahara. Kwa hiyo swichi ya Beni huagizwa, katika mlango unaoelekea Butembo, kuigeuza 10 inayoingia iwe 20, na 20 inayotoka iwe 10. Istilahi “kuchora ramani” haifai hapa, kwani hakuna kinachochorwa. Ni tafsiri: namba hubadilika, ujumbe hubaki.