Sura ya Saba: Askari Polisi na Mpango Rasmi wa Kulipa Madeni

Desemba 2013, Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi nchini Kenya ilianza kuwapiga msasa maafisa wa ngazi za juu, na Wakenya wakashuhudia makamanda wakihojiwa hadharani kuhusu akaunti zao za benki na mali zao. Zoezi lilipowafikia maafisa wa trafiki, miamala ya M-Pesa nayo iliwekwa mezani. Tangu hapo ikawa wazi kwamba fedha za askari si siri yake peke yake. Anabeba bunduki, anashika majalada ya kesi, na kila siku anakutana na watu ambao wangefurahi kumlipia deni ili nao wapate wanachotaka.

Hofu ya kuonekana mtu wa namna hiyo huwafanya askari wengi waliolemewa na madeni wanyamaze. Hudhani kwamba kuingia katika mpango rasmi wa kulipa ni kujichongea kazini. Sura hii inashikilia kinyume chake: kinachomweka askari hatarini ni deni lililofichwa, na mpango rasmi ni mojawapo ya njia chache za kuliweka deni hilo peupe huku akilipa.

Mshahara unavyokatwa hadi mfupa

Wafanyakazi wengi wa Kenya wanajua kanuni ya theluthi moja: makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili. Kanuni hiyo imo katika kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Wasichojua wengi ni kwamba kifungu cha 3 cha sheria hiyohiyo kinawaondoa polisi katika ulinzi wake. Askari anapokataliwa mkopo mpya kwa sababu theluthi yake imeguswa, kinachomlinda ni taratibu za mishahara za utumishi wa umma, ambazo nazo hutaka mtumishi abaki na theluthi ya mshahara wa msingi.

Tuchukue mfano wa konstebo mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 36,000. Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, na benki zinaweza kumkata hadi abaki na 12,000. Hapo ofisi ya mishahara hukataa makato mapya, lakini simu yake haikatai. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mkopo wa shilingi 20,000 kwa kiwango hicho hugharimu 1,500 kwa mwezi, na ukisukumwa mbele mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, ada pekee hufika 18,000 na deni lenyewe bado lipo palepale. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hujilipa yenyewe kutoka kwa fedha yoyote inayoingia kwenye laini. Akishakwama huko, hubaki shailoki. Mikopo hii yote inakula ile theluthi iliyokusudiwa chakula na karo, na hakuna kanuni ya makato inayoizuia kwa kuwa haipiti kwenye hati ya mshahara.

Njia tatu kabla ya kufilisika

Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ilifuta ile ya zamani, Sura ya 53, na kumpa mdaiwa wa kawaida njia tatu za kuepuka kutangazwa muflisi.

Ya kwanza ni mpango wa hiari. Mdaiwa humtafuta mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, wakaandika pendekezo la jinsi wadai watakavyolipwa, kisha huomba Mahakama Kuu itoe amri ya muda. Amri hiyo ikiwepo, mdai hawezi kuendelea kukazia hukumu au kukamata mali bila idhini ya mahakama. Wadai hukutana na kupiga kura. Njia hii humfaa afisa mwenye madeni makubwa na mali ya kulinda, lakini inahitaji wakili, mtaalamu na ada za mahakama.

Ya pili ni amri ya kulipa kwa awamu, na ndiyo inayomfaa zaidi askari wa cheo cha chini. Haianzii mahakamani. Hutolewa na afisa wa serikali anayesimamia masuala ya ufilisi, ambaye ofisi yake iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Ni ya madeni yasiyo na dhamana ya mali, na malipo hupangwa kwa kawaida ndani ya miaka mitatu. Deni linaweza kulipwa lote, au kwa kiasi ambacho kipato kinaruhusu. Amri ikishatolewa, wadai waliomo humo hawawezi kumshtaki mdaiwa kila mmoja kivyake bila ruhusa.

Ya tatu ni utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, aliyekosa uwezo wa kulipa hata kidogo. Mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi ni nadra kustahili, hivyo askari aliye kazini asipoteze muda nayo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sheria ya 2015 haipingi hilo. Inachofanya ni kupanga nani alipwe, kiasi gani na kwa muda gani, ili anayelipa naye abaki na cha kula.

Yasiyoguswa na mpango

Mpango rasmi haufuti kila kitu. Mkopo uliodhaminiwa kwa hati ya shamba au kitabu cha gari hubaki na nguvu zake. Mwenye dhamana anaweza kuuza mali hiyo kama hakukubali vinginevyo.

Jambo zito zaidi ni Sacco. Akiba ya mwanachama hushikiliwa dhidi ya mkopo wake, na akiba isipotosha, wadhamini huitwa. Kwa askari, wadhamini hao ni wenzake: wanaolala naye kambi moja na kupanga naye zamu moja. Ulinzi anaoupata mdaiwa hauwahusu. Askari anayesaini mpango bila kuwaambia wadhamini wake huwafanya wagundue kupitia makato kwenye mishahara yao, na uhasama unaozaliwa hapo huingia hadi kwenye doria. Haki inadai waambiwe mapema, na ikiwezekana deni la Sacco lipewe nafasi yake kwenye bajeti kabla ya pendekezo kuandikwa.

Vilevile, aliye chini ya mpango hawezi kuchukua mikopo mipya kimyakimya. Akikopa kwa kuficha hali yake, anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai, na kwa askari shtaka la namna hiyo ni baya kuliko deni lolote.

Kazi iko salama?

Kuwa na deni si kosa. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi kupuuza wajibu wake wa kifedha. Haikumkataza kukopa wala kushindwa. Anayelipa awamu zake chini ya usimamizi rasmi ana karatasi za kuthibitisha kwamba hajapuuza. Anayekimbia simu za wadai hana.

Hata hivyo, tofauti kati ya mpango na kufilisika ni kubwa. Aliyetangazwa muflisi hawezi kuondoka nchini bila ruhusa, na askari anayetarajia kupangiwa kazi nje, kama wenzake waliopelekwa Haiti kuanzia Juni 2024, anapaswa kulipima hilo. Kufilisika pia hubaki kwenye rekodi zitakazosomwa siku ya kupigwa msasa. Kwa hiyo mpango wa kulipa ujaribiwe kwanza.

Mkuu wako aambiwe nini? Ukweli mfupi, kwa maandishi: kiasi cha deni, hatua uliyochukua na tarehe. Ni afadhali akusikie wewe kabla hajapigiwa simu na mkopeshaji. Na kama mkopeshaji wa mtandaoni anatisha au anawatumia jamaa zako ujumbe wa kukuaibisha, fahamu kwamba kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza hayo, na malalamiko yapelekwe huko.

Kabla ya kusaini

Andika kila deni, hata la jirani na la duka la kambi. Chukua ripoti yako ya CRB, shirika linalotunza taarifa za mikopo, uone yaliyosahaulika. Tenganisha yenye dhamana na yasiyo nayo. Toa gharama halisi za nyumba, kisha angalia kinachobaki. Hicho ndicho cha kuahidi, kwa sababu mpango ukivunjika, wadai hurudi na nguvu zao zote. Zungumza na Sacco kwanza, maana mara nyingi huweza kurefusha muda wa mkopo bila sheria kuhusika. Usimpe yeyote kadi yako ya benki wala namba ya siri kama dhamana.

Ukishafanya hayo na bado hesabu haitoshi, nenda kwenye ofisi ya ufilisi ukaombe amri ya awamu. Nenda mapema, wakati bado una kitu cha kulipa na kabla mtu mwenye kesi kituoni hajajitolea kukulipia.