Bawabu wa Waya

Sogeeni, wanangu. Kaeni mkekani niwasimulie habari za Bawabu.

Bawabu anaishi ukutani, ndani ya kisanduku cha umeme. Watu wazima humwita breka. Kazi yake ni moja: kuhesabu wapita njia, na kuwafungia mlango wakizidi.

"Wapita njia gani, Mjomba?"

Swali zuri hilo! Umeme hupita kwenye waya kama watu njiani, nasi tunauhesabu kwa ampea. Waya mwembamba ni kichochoro. Waya mnene ni barabara.

Siku moja jiko jipya likaingia nyumbani, lenye oveni na pleti nne. Mama akaingiza keki, akawasha na pleti zote. Keki haijaumuka, tap! Bawabu akafunga mlango. Baba akamwamsha. Baada ya muda, tap! tena.

Jirani akasema, "Breka hii ndogo. Wekeni ya 32."

Bawabu akapaza sauti: "Msinifukuze! Kichochoro changu ni waya wa milimita 2.5 za mraba. Nimeambiwa watu 20, basi. Jiko lenu ni la wati 7,000. Gawanyeni kwa volti 230. Ni watu 30 na ushei!"

"Kwani bawabu mkubwa hatawazuia?"

Hatawazuia, mwanangu. Kwake yeye, 30 bado hawajazidi. Atawapitisha wote. Watasongamana kichochoroni, watasuguana, waya utapata joto. Plastiki yake italainika, itaharibika, na moto unaweza kuanza ndani ya ukuta, mahali msipopaona.

"Kumbe Bawabu halindi jiko?"

Hapo umenifurahisha! Wakubwa wengi hawalijui hilo. Bawabu analinda njia.

"Sasa tufanyeje, Mjomba?"

Njia ipanuliwe kwanza, ndipo bawabu abadilishwe. Fundi umeme alikuja. Akapima urefu wa njia. Akatazama inakopita, maana waya uliobanwa penye joto hubeba watu wachache. Kisha akavuta waya wa milimita 6 za mraba, kutoka kwenye kisanduku mpaka jikoni, waya wa jiko peke yake. Mwisho kabisa akaweka bawabu wa 32.

Hesabuni nami kwa vidole. Jiko linaita watu 30. Bawabu anaruhusu 32. Njia inabeba hao 32 bila kuchoka. Jiko lisimzidi bawabu, bawabu asiizidi njia.

"Na oveni ndogo ya Bibi?"

Ahsante kwa kumkumbuka Bibi! Yake ni ya wati 3,000. Gawanya kwa 230: watu 13 tu. Kichochoro cha 2.5 na bawabu wa 16 vinamtosha.

Keki ya Mama? Iliiva vizuri, na Bawabu hakufunga mlango hata mara moja.

Basi mkisikia tap, msimkasirikie Bawabu, wala msimguse. Mwiteni mtu mzima, mumuulize: "Njia yetu ina upana gani?"