Fahamu: Nini hasa kiliwasha Vita vya Maji Maji?

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba radhi Songea mwaka 2023 kwa ukatili wa Wajerumani katika vita hivyo, swali la zamani liliibuka tena. Gavana wa Kijerumani wa wakati huo, von Götzen, alidai kuwa waganga na machifu walikula njama. Wazee wa Umatumbi waliohojiwa miaka ya 1960 walisimulia mengine: kulimishwa pamba kwa nguvu, viboko, kisha mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete wakaing'oa pamba hiyo. Nawaamini wazee zaidi. Gavana alikuwa na utawala wake wa kutetea, na kumlaumu mganga ni rahisi kuliko kuilaumu sera.

Kuna watakaosema wazee hao walihojiwa taifa jipya likitafuta mashujaa. Ni kweli, ila viboko havikutungwa na taifa. Pingamizi zito ni jingine: pamba haielezi kwa nini Wangoni, waliokuwa mbali na mashamba yale, waliingia vitani. Hapo ndipo dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, yaani maji yaliyoaminika kukinga risasi, inapohusika, ingawa mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa vichanga. Ungoni maji hayo yalipelekwa na Omari Kinjalla, na machifu kama Chabruma waliyapokea kwa hesabu zao wenyewe.