Mwiko wa Kununua

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa nchini mwaka wa 1985, nia yake ilikuwa njema: mwanafunzi ahitimu akiwa na ujuzi mikononi, si vyeti pekee. Wazazi walichanga fedha, karakana zikajengwa. Mimi ni zao la mfumo huo, na sina budi kuungama. Mwiko niliouwasilisha katika somo la sanaa na ufundi niliununua sokoni. Niliukwangua kwa kipande cha chupa ili uonekane kazi ya mtoto, nikapewa alama nzuri (mwalimu alijua, nami nilijua kwamba anajua). Hadi leo siwezi kupiga randa.

Sasa tuna mtaala wa umilisi, na tangu mwaka wa 2023 wanafunzi wa Gredi ya 7 wana somo la utangulizi wa ufundi. Je, mwiko umekoma kununuliwa? Majirani zangu hukesha wakigundisha maboksi kwa niaba ya watoto wao.

Aghalabu tunasingizia ukosefu wa vifaa. Hebu mwalimu atafute majiko mawili ya makaa: la bati tupu, na lile lenye kikombe cha udongo uliochomwa, ambalo mafundi wa jua kali jijini Nairobi walianza kuliunda miaka ya 1980. Wanafunzi wapime makaa kwa mizani, kiasi kilekile kila jiko, kisha wateleke nje penye hewa sufuria zinazolingana, zenye maji lita moja moja. Yakichemka, wayamwage na kuteleka mengine hadi makaa yafe. Jiko lipi limechemsha lita nyingi zaidi? Mbona huenda lita ya kwanza ikachelewa kwenye jiko la udongo? Hapo watagundua wenyewe kwamba udongo hunywa joto kwanza, kisha hulizuia lisitoroke, ilhali bati hulipitisha nje.

Fauka ya hayo, mkono hufunza ulimi. Keekee, jiriwa, timazi na patasi ni maneno yaliyomo kamusini na yatumiwayo na maseremala wetu, ila wanafunzi wangu wa chuo kikuu huyakodolea macho. Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, tena ubaoni.

Mwalimu mwenzangu, muhula ujao mwalike fundi wa mtaani. Alama zitolewe kwa kazi iliyofanywa mbele ya macho yako, hata mwiko ukitoka umepinda.